Tazama Jicho, Sikiliza Pumzi, Nusa Banda

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafugaji wa kuku wa kienyeji mkoani Singida, na inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu mnaofuga: kwa wakubwa zangu, shikamooni, kwa rika langu na wadogo zangu, habari za asubuhi.

Swali ambalo mmekuwa mkiniuliza kuliko yote, gulioni, njiani na hata kwa simu za usiku, ni hili: "Kuku wangu amefumba jicho na anakoroma, nimpe dawa gani?" Anayeuliza huwa na haraka, na ana haki ya kuwa na haraka, kwa sababu katika mkoa wetu kuku si pambo la uani. Kuku ni sare za shule, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, ni heshima ya mgeni, na ni yale matenga yanayopakiwa kwenda Dar es Salaam, ambako mtu anayeagiza kuku wa kienyeji hupenda kwanza kuhakikishiwa kwamba ametoka Singida. Kwa hiyo anayeuliza anataka jina la dawa ili akimbilie dukani. Nami leo nimekuja kuwaeleza kwa nini jina la dawa linapaswa kuwa jambo la mwisho katika mazungumzo yetu, wala si la kwanza.

Ndugu zangu, jicho la kuku hufumba kwa sababu nyingi. Hufumba kwa mafua. Hufumba kwa ndui. Hufumba kwa kukosa majani mabichi. Hufumba kwa hewa chafu ya banda. Hufumba kwa viroboto waliojishikiza kwenye ukope. Sababu moja inatibika kwa antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Nyingine antibayotiki haiigusi kabisa. Nyingine huondoka kwa fagio, koleo na majani ya mlonge, bila shilingi hata moja ya dawa. Je, mtu atanunuaje dawa ya ugonjwa ambao bado hajaujua?

Naomba tuanze na kichwa cha kuku chenyewe. Ukimshika kuku mzima na kumpapasa taratibu kati ya jicho na mdomo, utakuta mahali palipo laini, pasipo na mfupa chini ya ngozi. Hapo pana uwazi uliounganika na pua. Kuku akipata mafua, makamasi hujaa ndani ya uwazi huo, na kwa kuwa upande wa nje hakuna mfupa wa kuyazuia, uso huvimba na jicho hubanwa mpaka likafumba. Jicho nalo lina mfereji wake unaopeleka machozi puani, na pua imefunguka ndani ya kinywa kupitia ule ufa mnaouona kwenye kaakaa mkimpanua kuku mdomo. Jicho, pua na koo ni njia moja, na njia hiyo inaendelea hadi kwenye mapafu na vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni 9, vimeenea mpaka tumboni, tena kuku hana kile kiwambo ambacho kwa binadamu hutenganisha kifua na tumbo. Ndiyo maana kuku aliyeanza na chozi Jumatatu anaweza kuwa anahema kwa shida Ijumaa, na ndiyo maana nasema jicho bovu mara nyingi si ugonjwa wa jicho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifahamu. Usaha wa binadamu ni majimaji, kwa hiyo jipu likipasuka hutoka wenyewe. Usaha wa kuku hauko hivyo. Huganda ukawa kitu kigumu, cheupe au cha manjano, mfano wa maziwa yaliyoganda na kukamuliwa maji. Ukishakuwa hivyo chini ya ukope, hauwezi kutoka wenyewe. Hukaa pale, hukandamiza mboni, na mwisho kuku hupofuka hata kama ugonjwa ulioanzisha yote umekwisha. Jicho lililofumba halitakiwi kusubiri wiki. Linatakiwa kufunguliwa na kutazamwa siku ile ile.

Sasa tutatazama nini? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kuku wengi huponea au hupotelea.

Nawaomba mshike maneno haya matatu: tazama jicho, sikiliza pumzi, nusa banda.

Tazama jicho. Ni moja au yote mawili? Kama ni jicho moja la kuku mmoja, na wenzake wote ni wazima, fikiria kwanza jeraha, mdonyo wa mwenzake, mwiba, au kitu kilichoingia. Mfungue ukope wa chini, uvute na kile kikope cha tatu kinachopita juu ya jicho kutoka pembeni, uangalie kama pana kibanzi, au kama pana minyoo myembamba myeupe inayojisokota. Wapo minyoo wa macho wa kuku, wana urefu wa sentimita 1 hadi 2, na kuku huwapata kwa kula mende waliobeba mabuu yao. Penye mende wengi chini ya mbao za banda, penye joto na unyevu, hilo ni jambo la kuchunguza. Kama pembeni mwa jicho pana povu dogo la mapovu mapovu, na kuku huyo anakoroma, shuku mafua sugu, yale yanayoletwa na kimelea kiitwacho mikoplasma. Kama uso umevimba, puani kunatoka makamasi mazito, na ukimsogeza karibu kichwa chake kinanuka vibaya, shuku mafua makali ya bakteria, ambayo huenea kwa kasi. Kuku aliyekaa na mgonjwa huweza kuonyesha dalili baada ya siku 1 hadi 3 tu. Kama kuna vipele na magamba meusi kwenye upanga wa kichwani, mashavuni na kwenye kope, hiyo ni ndui. Na kama kope zimezungukwa na vidoa vyeusi ambavyo ukivigusa havibanduki, tazama vizuri: hao ni viroboto, wale wanaozamisha midomo yao kwenye ngozi na kubaki hapo hapo.

Sikiliza pumzi. Mchana kuku wanaweza kuwadanganya. Saa nane ya jua kali kuku mzima naye hufungua mdomo na kuhema, huinua mabawa kuachia joto, na wenzake wote hufanya hivyo hivyo bila sauti yoyote ya kifuani. Huyo si mgonjwa, ana joto, anahitaji kivuli na maji. Mgonjwa msikilizeni usiku. Nendeni bandani kuku wakishatulia, simameni kimya bila kuwasha tochi, msikilize kwa dakika chache. Mtasikia nani anapiga chafya, nani anakoroma, nani anavuta pumzi kwa mluzi. Kuhema kwa mdomo wazi wakati wa baridi ya usiku si joto, ndugu zangu. Ni ugonjwa.

Nusa banda. Simzungumzii mtu aliyesimama mlangoni. Chuchumaa mpaka pua yako ifike pale kilipo kichwa cha kuku, kwa sababu hewa ile ndiyo anayoivuta usiku kucha. Kama macho yako yanawasha na pua inachonyota, ujue hiyo ni amonia inayotoka kwenye kinyesi kilicholowa. Amonia huunguza kioo cha jicho, kuku hufumba macho yote mawili, hujifuta kichwa kwenye bawa, hukwepa mwanga. Huunguza pia njia ya hewa, ikafungua mlango kwa vimelea ambavyo katika banda kavu visingepata nafasi. Nawatahadharisha: pua ya mwenye banda huzoea. Mwiteni jirani anuse, naye atawaambia ukweli.

Mama mmoja alinipigia mwaka fulani wakati mazao yako shambani. Ninyi mnajua desturi yetu. Mahindi na mtama vikishaota, kuku hufungiwa ili wasifukue na kudonoa mashamba ya watu. Alikuwa amewafungia kwa miezi, anawalisha vizuri kwa bidii zote: mahindi meupe yaliyoparazwa, pumba na mashudu ya alizeti. Kuku wakaanza kutoa machozi, kope zikagandana, wengine wakawa na vitu vyeupe chini ya kope. Alikuwa ameshanunua dawa za mafua za aina mbili, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyepona. Nilipofika niliwanusa wale kuku vichwa, hawakunuka. Nikasikiliza, hapakuwa na mkoromo wa kundi. Nikampanua mmoja mdomo, nikakuta vidoadoa vyeupe vimetapakaa ndani ya kinywa na kooni. Miguu na vichwa vilikuwa vimepauka. Wale kuku hawakuwa na mafua. Walikuwa wamekosa vitamini A.

Kwa nini? Kwa sababu mahindi meupe hayana ile rangi ya manjano ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A. Mahindi ya manjano yanayo, lakini sisi Watanzania hatuyapendi. Wazee waliopo hapa wanakumbuka unga wa manjano ulioletwa wakati wa njaa ya miaka ya 1970, watu wakauita unga wa Yanga na kuula kwa shingo upande. Mashudu ya alizeti yana protini, hayana vitamini hiyo. Kuku anayezurura huipata mwenyewe kwa majani na wadudu. Ukimfungia, au kiangazi kikikausha kila kitu, akiba iliyo kwenye ini lake hupungua kidogo kidogo mpaka siku macho yanapoanza kufumba. Nilimwomba awape majani ya mlonge, mchicha na matembele kila siku, pamoja na vitamini za kuchanganya kwenye maji kwa wale waliozidiwa, na tukawatoa wale vitu vyeupe machoni kwa maji ya chumvi. Wale ambao mboni haikuwa imeharibika walirudi kuona. Wale waliokuwa wameharibika hawakurudi. Dawa za mafua alizonunua ziliua bakteria ambao hawakuwa wamemkosea lolote, na fedha yake ikaenda.

Mlonge haukauki kiangazi kama mboga za bustanini. Kwa nini uani kwetu kusiwe na mlonge hata mmoja kwa ajili ya kuku?

Sasa nije kwenye tiba yenyewe, kwa sababu najua mmesubiri.

Kuku akionekana mgonjwa wa jicho au pumzi, jambo la kwanza ni kumtenga. Mtenge mbali na wenzake, mahali pakavu, penye hewa na kivuli, pasipo upepo mkali wa usiku. Wahudumieni wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha mnawe mikono kwa sabuni. Chombo chake cha maji kisirudi kwa wengine.

Jambo la pili ni kumsafisha. Chemsha maji, yaache yabaki vuguvugu, weka chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Lowanisha kitambaa safi au pamba, uweke juu ya jicho mpaka ukoko ulainike, kisha ufungue ukope taratibu na kuusogeza ule usaha ulioganda utoke wenyewe kuelekea pembeni. Usibonyeze mboni. Usibandue gamba la ndui kwa nguvu, kwa sababu chini yake kuna kidonda kinachotoa damu, na gamba lenyewe limejaa virusi ambavyo vitabaki kwenye udongo wa banda. Rudia mara 2 au 3 kwa siku. Kisha mtaalamu wa mifugo akikupa mafuta ya macho, yatumie kwa siku alizokuambia. Nasisitiza mafuta ya kuandikiwa, kwa sababu zipo dawa za macho zenye steroidi, yaani kemikali ya kupunguza uvimbe, na dawa hizo zikitiwa kwenye jicho lenye kidonda juu ya kioo chake zinaweza kulimaliza jicho. Wala msitie machoni mafuta ya taa, ugoro, wala maji ya pilipili. Jicho la kuku linauma kama la kwenu.

Kwa viroboto, paka mafuta mazito ya mgando juu yao, watakosa hewa na kufa, kisha kesho yake uwaondoe. Lakini mayai na watoto wao wako kwenye vumbi la banda, kwa hiyo usipofagia, ukatoa matandiko yote ya zamani na kutia dawa ya viroboto kwenye sakafu na kwenye nyufa, wiki ijayo utawapaka tena.

Jambo la tatu ni chakula na maji, na hapa nitawasimulia habari ya kijana mmoja, mfugaji mwenye bidii sana, aliyekuwa na mitetea kadhaa wenye mafua. Alikuwa anawatia dawa kwenye maji kila asubuhi, tena hakosi hata siku moja. Hata hivyo mitetea miwili iliyokuwa imefumba macho yote mawili ilizidi kukonda na ikafa, na yeye akaamini kwamba dawa ilikuwa bandia. Nilipomuuliza namna alivyokuwa anawalisha, aliniambia chombo kiko pale pale pa siku zote, na wao wako pale pale. Ndugu zangu, kuku hula kwa kuona. Kuku asiyeona hatafuti chombo kwa kunusa kama mbuzi. Ile mitetea haikunywa maji, kwa hiyo haikunywa dawa. Haikuona punje, kwa hiyo haikula. Mafua hayakuiua. Iliuawa na kiu na njaa ikiwa imesimama hatua mbili kutoka kwenye chombo. Kuku aliyefumba macho lazima ashikwe, achovywe ncha ya mdomo kwenye maji mara kwa mara, na alishwe pumba iliyolowanishwa mpaka atakapoona mwenyewe. Kama hamna muda huo, basi semeni ukweli mapema na muamue mwisho wake, kuliko kumwacha ateseke.

Habari ya kijana yule ina upande mwingine. Dawa aliyokuwa akiitumia ilikuwa vidonge vya binadamu vya rangi mbili, anavifungua na kumwaga unga kwenye ndoo kwa kukadiria kwa macho. Na mayai? Mayai yalikuwa yanaokotwa na kuuzwa dukani kila siku. Hebu tujiulize: ni nani aliyekula ile dawa? Alikula mtoto wa jirani, alikula mjamzito, alikula mzee mwenye vidonda, kila mmoja kwa kiasi kidogo kisichotibu chochote, lakini kinachotosha kuwafundisha bakteria namna ya kuishi pamoja na dawa. Siku watakapougua wao, dawa ile ile haitawafaa. Usugu wa dawa haukai bandani. Unavuka ua na kuingia nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba mno: antibayotiki inunuliwe kwenye duka la dawa za mifugo, kwa ushauri wa mtaalamu aliyeona kuku au angalau aliyesikia majibu yako kuhusu jicho, pumzi na banda. Kwa mafua sugu mtaalamu anaweza kuchagua tailosini, oksitetrasaiklini au doksisaiklini. Dawa za jamii ya penisilini hazifai kwa mikoplasma, maana hufanya kazi kwa kubomoa ukuta wa bakteria, na kimelea hiki hakina ukuta wa kubomolewa. Pimeni maji kwa lita, msikadirie. Ondoeni maji mengine yote ili wanywe hayo hayo. Changanyeni mapya kila siku. Malizeni siku zote zilizoandikwa hata kama kuku wameanza kuwika siku ya pili. Na lile andiko dogo kwenye karatasi ya dawa linaloeleza siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama, lisomeni, na asiyeweza kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee. Mayai ya siku hizo hayauzwi, hayaliwi, hayapelekwi kwa mkwe.

Ninyi mtaniuliza juu ya mshubiri na pilipili, kwa sababu kila nyumba hapa imewahi kuviponda na kuvitia kwenye maji ya kuku. Siwakatazi kuheshimu maarifa ya wazee wetu. Ila kuna ugonjwa mmoja ambao hautibiwi na mshubiri, wala pilipili, wala mwarobaini, wala antibayotiki ya bei yoyote. Huo ni mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Ni wa virusi. Ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na mpaka leo hakuna dawa ya kuutibu. Nao unaweza kuanza na yale yale tunayoyazungumza leo: kuku anahema kwa shida, anapiga chafya, kope zimevimba. Kisha kinyesi kinakuwa cha kijani, shingo inapinda, mabawa yanalegea, na vifo vinafuatana mpaka banda linabaki tupu. Mkiona kuku kadhaa wanakufa ndani ya siku chache, msitafute dawa ya macho. Msiwauze haraka haraka kuwahi hasara. Msiwatupe mizoga porini. Zikeni au chomeni, na mtoe taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kata siku hiyo hiyo, kwa sababu mafua makali ya ndege nayo hufanana hivyo kwa macho, na majirani zetu wa Uganda waliyapata mwaka 2017 kwenye ndege wa porini na wa kufugwa kandokando ya Ziwa Victoria. Ni maabara pekee inayoweza kuyatofautisha.

Mnaona sasa kwa nini nilikataa kutaja dawa mwanzoni?

Nakuja kwenye jambo langu kubwa la mwisho, nalo ni mlango ambao ugonjwa unaingilia. Katika kitongoji kimoja nilichokuwa nikikihudumia, baba mmoja alinunua jogoo mnadani. Jogoo mrefu, mwekundu, mwenye sauti, na kila aliyemwona alimpongeza. Hakuwa na chozi wala kamasi. Alimfungulia jioni ile ile pamoja na mitetea yake. Baada ya siku chache mitetea ikaanza kuvimba nyuso, mmoja baada ya mwingine, huku jogoo akiwa mzima kabisa na kuwika alfajiri. Watu walisema ni kijicho. Hakikuwa kijicho. Kuku aliyewahi kuugua mafua akapona anaweza kuendelea kubeba vimelea bila kuonyesha dalili, na mwenye mafua sugu hubaki navyo maisha yake yote; akichoka safari ya kwenye tenga, akibadilishiwa maji na chakula, vinaamka na kutoka kwa pumzi na makamasi yake. Ubaya ukazidi: mitetea miwili iliyokuwa kwa baba yule ilikuwa imeazimwa kutoka kwa ndugu wa kijiji cha pili ili ipate mbegu ya jogoo yule, na ikarudi na ugonjwa kwao. Tena mafua sugu hupita ndani ya yai. Yai la mtetea anayekoroma huweza kutoa kifaranga anayekoroma.

Kwa hiyo mayai ya kuatamiwa yachaguliwe kwa mtetea mwenye macho makavu na pumzi safi, hata kama mwingine ndiye anayetaga zaidi. Kuku mgeni akae peke yake wiki 3 au 4, mbali, na chombo chake. Kuku aliyepelekwa gulioni asiponunuliwa, naye akirudi ni mgeni. Ninajua ni vigumu, ninajua banda ni moja, lakini hata kibanda cha miti upande wa pili wa ua kinatosha.

Na chanjo. Serikali yetu, kupitia Wakala wa Maabara ya Veterinari, hutengeneza hapa hapa nchini chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Australia na ilichaguliwa makusudi kwa ajili ya vijiji kama vyetu, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi za mdondo. Kuvumilia joto hakuna maana ya kuianika juani. Ifungeni kwenye kitambaa kibichi na kuiweka kivulini. Hutiwa tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawasawa, kila baada ya miezi 3 au 4, na angalau mwezi mmoja kabla ya kiangazi ambacho ninyi wenyewe mnajua ndicho msimu wa kideri. Kwa nini jichoni? Kwa sababu ya ile njia moja niliyoieleza mwanzo: tone linaingia jichoni, linashuka puani na kooni, na nyuma ya mboni ya kuku kuna tezi inayotengeneza kinga pale pale kwenye mlango anaopitia adui. Jicho lile lile linalopokea ugonjwa ndilo linalopokea ulinzi. Wanaochanjwa wawe wazima. Mwenye jicho bovu mtibuni kwanza. Na nyinyi wachanjaji msijifikiche macho kabla ya kunawa, maana virusi vya mdondo huweza kumpa mtu macho mekundu kwa siku kadhaa. Ndui nayo ina chanjo yake, ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, na inafaa itolewe kabla ya mvua, wakati mbu wanaoieneza hawajazaliana. Baada ya siku 7 hadi 10 tazameni mahali palipochomwa, pakiwa na uvimbe mdogo chanjo imeshika, pasipokuwa na kitu warudieni.

Mwenyekiti ameniruhusu nitumie nusu saa baada ya kikao hiki. Yupo hapa mtetea mmoja mwenye kope zilizogandana, ameletwa na mama aliyekaa kule nyuma, nasi tutamfungua jicho mbele yenu, tumnuse, tumtazame kinywa, ndipo tuseme ana nini. Baada ya hapo nitaonyesha namna ya kumlaza kuku ubavu na kusubiri apepese ili tone la chanjo lisimwagike. Vijana wanne wa kitongoji hiki wamekubali kujifunza leo, ili chupa ya chanjo ikifunguliwa kijijini iishe siku hiyo hiyo kwa kupita nyumba kwa nyumba, kila mwenye kuku akichangia sehemu yake. Wenye majina ya kuandikisha kaya zao, daftari liko kwa Mtendaji. Asanteni sana kwa kunisikiliza.